Kofia ya Inchi Ishirini na Tatu na Nusu

"Pima tena," alisema Shangazi Tatu.

Husna akapima tena. Aliulaza ukanda wa kofia juu ya goti, akaunyoosha taratibu kwa kiganja, akavuta tepu ya fundi cherehani toka ncha hii hadi ncha ile.

"Ishirini na tatu na nusu."

"Na karatasi ya watu wa Abdulswamad inasemaje?"

"Ishirini na mbili."

Shangazi Tatu akaacha kupeta mchele. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, uani kwao, Mtaa wa Mafia, Kariakoo. Nje wapagazi walikuwa wakipiga kelele wapishwe wapite na mikokoteni yao, lakini uani palikuwa kimya, mpaka kuku wa jirani akajiona yeye ndiye mwenye nyumba.

"Basi kata inchi moja na nusu."

"Haikatwi, Shangazi. Nikikata naanza kufumua. Miezi tisa yote itanifia mkononi."

Na hapo alisema kweli. Kofia ya mkono hushonwa vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kimoja hushonwa peke yake, kitundu baada ya kitundu, na ni siku ya mwisho tu vinapounganishwa. Kwa hiyo urefu wa ukanda huamuliwa siku ya kwanza kabisa, kabla hata uzi haujapita kwenye sindano. Mshonaji lazima ajue anamshonea nani. Akikosea siku hiyo, atajua amekosea siku ya mwisho.

"Sasa ulipokata," Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini, "ulikata kwa kichwa cha nani?"

Husna alilitazama lile jani la mti wa mkungu alilolishona mara kumi na mbili kuzunguka ukanda, nakshi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo Kariakoo nzima.

"Nakuuliza wewe."

"Kwa kichwa cha mtu wa kwenye kitabu, Shangazi."

"Haya," alisema Shangazi Tatu, akarudi kwenye ungo wake. "Mtu wa kwenye kitabu na yeye kumbe ana kichwa."

Husna alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Aliwahi kuolewa, akaachika bila ugomvi mkubwa, akarudi kwa shangazi yake aliyemlea. Hadithi za mapenzi aliziandika kwenye madaftari, kisha akazituma sura kwa sura kwenye kundi la simu lenye wasomaji mia tatu na kidogo. Walikuwa wasomaji wazuri, lakini hawana subira. Sasa walikuwa wamesubiri sura ya ishirini kwa wiki tano.

Sindano aliishika kwa ajili ya kalamu. Mwaka jana hadithi ilimgomea, na marehemu mama yake alikuwa mshonaji wa kofia, basi akafungua kikapu chake cha zamani ili mikono ipate la kufanya. Ikawa kama dawa. Akishona vitundu ishirini, maneno yanakuja. Shujaa wake, Ridhiwani, alizaliwa hivyo hivyo, katikati ya uzi. Halafu zikaja Jumapili za bustani, kwenda kuangalia ndege na muuza nyuzi wake, na Ridhiwani akapata miguu na macho na tabia ya kusimama chini ya mti akisema mambo mazuri. Lakini baadaye sindano ikaanza kula muda wa kalamu, na Jumapili ikaanza kula Jumatatu. Anakaa kuandika, anajikuta anashona. Anashona, anajikuta anaiwaza bustani. Na Ridhiwani, ambaye katika sura ya ishirini alitakiwa amwambie Vicky kwamba anampenda, alisimama mlangoni kwa Vicky wiki tano na hakufungua mdomo.

Theopista, mpangaji wa chumba cha mbele, alitoka na beseni la nguo.

"Shoga, yule Elibariki wa Arusha ameandika tena kwenye kundi. Anasema alikuwa bwana misitu miaka thelathini, na ndege wako mwenye kifua cha manjano na mkia wa bluu hayuko Dar es Salaam. Anasema hayuko popote."

"Tumemwona kwa macho yetu."

"Mmemwona nyinyi. Mimi nawasindikiza kila Jumapili, nakaa pale kwenye benchi, nimeona kunguru tu."

"Kwa sababu unaangalia karanga zako."

"Karanga zipo," Theopista alisema. "Kitu kikiwepo ndiyo nakiangalia."

Shangazi Tatu hakucheka. "Kesho saa nne watu wa Abdulswamad wanakuja kuchukua jibu," alisema. "Na nyinyi mnaongea ndege."

Jibu lilikuwa ni hiyo kofia. Katika ukoo wa Shangazi Tatu mwanamke hasemi ndiyo kwa mdomo. Akimkubali mwanamume, humpelekea kofia aliyoishona mwenyewe. Shangazi alipoletewa posa, mwezi na nusu uliopita, alimwona Husna ameinamia kitambaa, akafurahi, akawaambia wageni: "Kofia yenu iko mkononi mwake." Husna alikuwa jikoni akisikia. Angeweza kutoka aseme hapana, hii ni ya mambo yangu ya kuandika. Akanyamaza. Na kimya chake nacho kikahesabiwa.

Alinyamaza kwa sababu Abdulswamad hakuwa mtu wa kukataliwa. Hilo ndilo lililomchanganya. Angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, kazi yake kutoa mizigo bandarini, mtu anayebisha hodi mara tatu na kusubiri hata mlango ukiwa wazi. Aliposikia Husna anaandikia kitandani mpaka mgongo unamuuma, alileta meza. Hakusema neno. Alikuja nayo na fundi, ikawekwa dirishani ukumbini, akaaga.

Husna akafunga ukanda na duara kwenye leso. Kisha akaghairi, akaviacha juu ya meza, akachukua tepu peke yake.

"Naenda mara moja Mkunguni. Nikaulize kama kuna namna ya kupunguza."

"Kwa muuza nyuzi."

"Kwa muuza nyuzi, Shangazi."

Shangazi Tatu alimtazama mpaka alipofika mlangoni. "Rudi kabla ya swala," alisema tu.

*

Duka la Nurdin lilikuwa jembamba kama ujia, na kuta zake zote zilikuwa nyuzi. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, ameinama, kitu anachokitazama amekileta karibu kabisa na pua. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na saba, mpole, mwenye ndevu chache. Hakuinua uso mpaka Husna alipotoa salamu.

"Wa alaikum salaam, Mwandishi. Hariri nyeupe imeisha, ila nimekuwekea vibonge viwili chini huku. Nilijua utakuja."

Alivitoa. Alikuwa amevifunga kwa karatasi ili visipate vumbi. Mambo yake ndiyo hayo. Vipande vya nyuzi vilivyobaki alivitunza kwenye chupa, akawapa watoto wa chuo cha kushona. Husna aliyaona hayo yote na kuyatia kwenye hadithi. Ridhiwani naye alikuwa na chupa.

"Sikuja kununua," Husna alisema. "Ukanda umezidi inchi moja na nusu."

"Umezidi kwa nani?"

"Kwa Abdulswamad."

Nurdin alivirudisha vile vibonge mezani, kimoja, kisha cha pili.

"Unakumbuka ulivyopimwa?" Husna aliuliza.

"Nakumbuka. Ulikuja unataka uzi, nikakuuliza kofia ya kichwa gani. Ukasema ya mtu wa kwenye kitabu. Nikakuuliza ana inchi ngapi, hujui. Nikavua tepu shingoni nikajizungushia mwenyewe, nikakwambia basi mwazime changu."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania," Nurdin alikubali. "Siku ile nilikuwa natania."

Mteja akaingia, akataka zipu nyeusi, akapewa, akatoka. Husna alisubiri. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, toka Mtaa wa Mafia hadi hapo, na sasa hakuona hata moja.

"Nurdin, nataka nikuulize kitu, na unijibu."

"Uliza."

"Kesho wanakuja. Kofia ikienda, imekwenda. Isipokwenda... Mimi sijielewi. Nikikaa kuandika nakuona wewe. Nikikaa na wewe namwona Ridhiwani. Sijui ni nani kati yenu ninayemuwaza nikishona. Wewe una neno lolote la kuniambia?"

Nurdin alichukua kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni, akakifungua.

"Neno siwezi kusema," alisema mwishowe.

"Huna, au huwezi?"

"Mwenzangu ameposa. Amekuja mlangoni kwenu kwa adabu, amesubiri mwezi na nusu. Mimi siwezi kutia neno langu juu ya neno lake. Dini imekataza, na hata isingekataza si uungwana. Mpaka ajibiwe, mimi ni muuza nyuzi."

"Kwa hiyo nijibu gizani. Nikimkubali, nimemkubali. Nikimkataa, sijui kama kuna mtu nyuma ya mlango."

"Ndiyo."

"Na wewe unaona hiyo ni haki?"

"Sioni kama ni haki. Naona ndivyo ilivyo."

Husna alikasirika, kisha akamheshimu, kisha akakasirika tena kwa sababu amemheshimu. Alichukua tepu yake kutoka mezani.

"Ngoja," Nurdin alisema. "Langu siwezi kusema. Lakini kuna jambo lako, hilo lazima ulijue kabla ya kesho. Kaa."

"Nitasimama."

"Wale ndege."

"Wamefanya nini?"

"Hawakuwepo."

Husna hakuelewa. Alimtazama kama anasema lugha ya watu wengine.

"Mimi sioni mbali, Husna. Tangu shuleni. Hapo ulipo nakuona vizuri. Ukitoka ukafika pale kwa muuza mabegi, nakujua kwa mwendo tu. Mti nauona ni kijani, basi. Ndani ya mti sioni kitu."

"Lakini ulikuwa unanionyesha. 'Tazama pale, kwenye tawi la tatu.' Mimi nikitazama ameruka..."

"Ameruka kila siku. Hukushangaa?"

Husna akakaa. Stuli ya wateja ilikuwa nyuma yake, akaikalia bila kuitazama.

"Miwani ninayo," Nurdin aliendelea. "Jumapili ya kwanza niliisahau hapa dukani. Ulifungua daftari, ukashika kalamu, ukaniuliza, 'Unaona nini pale juu?' Na uso wako ulikuwa umechoka, siku nyingi hujaandika kitu. Nikaona aibu kusema sioni. Nikasema naona ndege mdogo, kifua cha manjano. Ukaniuliza mkia wake. Nikasema wa bluu."

"Mkia wa bluu."

"Jumapili ya pili ukaja umeandika kurasa sita. Ningesemaje tena? Nikawa wiki nzima nauza nyuzi huku natunga ndege. Nilikuwa nawatafutia rangi hapa hapa kwenye kuta. Yule wa zambarau ni kibonge namba arobaini."

"Ndege wanane, Nurdin. Wako kwenye hadithi. Mzee wa watu Arusha nimemwita muongo."

"Najua. Nimekosa. Na nakwambia leo kwa sababu hiyo." Sauti yake ilishuka. "Usije ukamkataa mtu mzima, wa kweli, kwa ajili ya ndege ambao hawakuwepo."

Husna alitoka bila kuaga. Alipofika kwa muuza mabegi aligeuka. Nurdin alikuwa amesimama mlangoni, anatazama upande wake, na Husna akajua kwamba pale alipo, yeye kwa Nurdin ni mwendo tu. Hakujua acheke au alie. Akatembea haraka, ili angalau mwendo wenyewe uonyeshe kwamba amekasirika.

*

Sasa Shangazi Tatu, kwa nia njema, alikuwa amefanya jambo.

Baada ya swala ya Ijumaa Abdulswamad alipita, si kwa ajili ya kesho, ila alikuwa ameleta kipande cha mpira cha kuweka chini ya mguu wa meza. Alisikia inayumba. Shangazi alipomwona mlangoni, kanzu nyeupe, uso umetulia, aliamua kwamba tepu zote ni za uongo na kichwa chenyewe ndicho cha kweli. Husna alipoingia, baada ya kuzunguka mitaa na hasira zake, aliwakuta ukumbini. Vile vipande viwili vilikuwa vimeunganishwa kwa mishono mirefu ya haraka, na Shangazi alikuwa ananyoosha mikono kumvisha.

"Jaribu tu, baba. Hakuna anayeona."

Kofia ikaingia kichwani kwa Abdulswamad, ikapita paji la uso, ikatulia juu ya masikio. Masikio yakainama. Alibaki hivyo, mkubwa mzima, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake siku ya Idi.

Theopista, mlangoni kwake, akarudi chumbani na kufunga mlango. Kilichosikika ndani hakikuwa kikohozi.

"Ni nzuri," Abdulswamad alisema kutoka chini ya kofia. "Nikitia karatasi kwa ndani itakaa. Marehemu babu yangu alikuwa akitia karatasi."

Alisema bila utani. Angeivaa hivyo, na karatasi ndani, maisha yake yote, na asingemwambia mtu. Husna aliona hivyo na moyo ukamuuma, maana kama si huyu, basi ni nani tena anayemtafuta?

"Shangazi," alisema, "mgeni hajapewa hata juisi."

Shangazi Tatu akaelewa, akaenda kutengeneza ukwaju polepole sana.

Abdulswamad aliivua kofia, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Kisha akapiga goti karibu na mguu wa meza na kuanza kuusukuma ule mpira mahali pake.

"Jani hili ni la nini?" aliuliza akiwa chini.

"La mkungu. Nililiokota bustanini."

"Sijawahi kuona kofia yenye jani la mkungu." Alisukuma. "Na kichwa ni cha nani?"

"Cha mtu wa kwenye kitabu."

"Mtu wa kwenye kitabu ana kichwa kikubwa."

Husna alicheka bila kutaka, na kicheko hicho ndicho kilichomfungua. Akaona kwamba mtu huyu anastahili kuambiwa na kinywa chake, si na watu, si na kofia iliyokosekana saa nne.

"Abdulswamad, wasije kesho."

Mikono yake ikasimama kwenye mguu wa meza. Hakuinua kichwa.

"Kwetu hatusemi kwa mdomo," Husna aliendelea, "lakini nakwambia kwa mdomo, kwa sababu hukunifanyia baya hata moja. Nilitakiwa niseme siku ile mlipokuja. Nilinyamaza. Nisamehe."

"Kuna mwingine?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Wallahi sijui. Kuna mtu sijui kama yupo. Leo nimeambiwa habari za ndege wanane ambao hawakuwepo, na nimekasirika mpaka nimesahau kuaga. Hata sijui nimemkasirikia nani. Najua kitu kimoja tu. Siwezi kukuvisha kofia ya karatasi."

Abdulswamad alifikiri sana. "Habari ya ndege sijaielewa," alisema.

"Hata mimi."

"Basi tumelingana." Akainuka, akajikung'uta goti, akaisukuma meza kwa kidole kuona kama bado inayumba. Haikuyumba. "Na hii meza usije ukafikiria kuirudisha. Ni ya kuandikia. Sikuileta kwa posa."

Alimsubiri Shangazi, akanywa juisi yote, akasema ni tamu, akaaga kwa jina. Alipofika barazani alivaa viatu vyake taratibu kuliko kawaida. Husna alimwona, na akajua kwamba uungwana nao unauma, ila hauonyeshi.

Jioni ile Husna aliketi kwenye meza isiyoyumba. Alimwandikia kwanza Elibariki wa Arusha, akamwomba radhi. Kisha akafungua daftari. Ridhiwani alikuwa bado amesimama mlangoni kwa Vicky, mwenye maneno matamu na macho makali kama ya mwewe. Husna akamfutia yale macho. Akamwandika akisema: "Vicky, mimi sioni mbali. Ndege niliokuonyesha niliwatunga." Na baada ya wiki tano za kugoma, Ridhiwani akafungua mdomo, akasema mpaka kurasa zikajaa, na nusu ya aliyosema Husna mwenyewe hakujua yalikotoka.

*

Shangazi Tatu hakumsemesha Jumamosi nzima. Alipika, akapakua, akaweka chakula mbele yake, akala kimya. Lakini Jumapili asubuhi, Husna alipokuwa anatafuta viatu, aliikuta leso juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na duara na ukanda. Mishono mirefu yote ilikuwa imefumuliwa, mmoja mmoja, kwa mkono wa mtu mzima asiyeona vizuri karibu, na hakuna uzi hata mmoja wa hariri uliokatika.

"Shangazi."

"Nenda kaangalie ndege zako," Shangazi alisema kutoka uani. "Nitakuwa nimepumzika ukumbini kuanzia saa kumi. Kama kuna mtu ana shida na mimi."

Bustani ya mimea, pale mjini karibu na makumbusho, ilikuwa na umande bado. Theopista akaelekea kwenye benchi lake. Nurdin alikuwa chini ya mkungu, amevaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi. Alikuwa ametazama juu.

"Unaona nini?" Husna aliuliza nyuma yake.

Alishtuka. "Sikujua kama utakuja."

"Nimekuuliza unaona nini."

"Majani," Nurdin alisema. "Yana mishipa. Sikujua kama yanaonekana mishipa kutoka huku chini."

Wakasimama. Husna naye akatazama juu.

"Abdulswamad nimemjibu," Husna alisema. "Ijumaa. Nilimjibu mwenyewe."

Nurdin aliivua ile miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sikumkataa kwa ajili yako," Husna aliendelea. "Nataka ujue. Sijui kama ni wewe. Bado nimekukasirikia. Na nikikutazama na hiyo miwani sikujui kabisa, Ridhiwani hakuwa na miwani."

"Mimi naye hatujuani," Nurdin alisema. "Na mimi ni muongo wa ndege. Nakoroma pia, dada yangu atakwambia. Hayo kayatie kwenye hesabu."

"Kofia iko kwenye leso, vipande viwili. Sijaiunganisha."

"Usiiunganishe."

"Kwa nini?"

"Mpaka umjue unayemshonea. Lakini mlango wenu sasa hauna mtu?"

"Hauna mtu. Shangazi anakaa ukumbini kuanzia saa kumi."

"Leo?"

"Kasema leo."

Nurdin akainamisha kichwa, kichwa cha inchi ishirini na tatu na nusu, na Husna akaona jinsi masikio yake yalivyobadilika rangi. Ridhiwani hakuwahi kuona aibu hivyo. Hakuwa ameandikwa hivyo. Hili lilikuwa jipya, na Husna hakujua aliweke wapi.

Kitu kikatikisika juu yao. Nurdin akatazama, akakunja macho, miwani ikamteleza.

"Kimo ndani sana," alisema. "Hata na hii sikipati. Wewe unamwona?"

Husna akasogea, akainua mkono kukinga jua. Alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye tawi la tatu, na hakuruka.

"Ni wa kahawia tu," alisema. "Hana kifua cha manjano. Mkia wake wa kawaida."

"Endelea," alisema Nurdin.